"Nini kinaila miunganiko ya ubongo wa mtoto wetu?" Jibu kwa Baba Atu wa Uyole

Swali: Shikamoo daktari. Naishi Uyole, Mbeya, na Mungu ametujalia mtoto wetu wa kwanza, Atu, sasa ana miezi minane. Kwenye somo la lishe kliniki tuliambiwa kwamba ubongo wa mtoto hutengeneza miunganiko mingi sana, halafu baadaye inaanza kupotea. Tangu siku hiyo Mama Atu hana raha. Anauliza ni nini kinachoila hiyo miunganiko, na tufanye nini isipotee. Jambo la pili: mama mkwe anakaa nasi, na kutwa nzima anaongea na mtoto Kinyakyusa. Wenzangu kazini wanasema tutamchanganya, tumzuie. Naomba unieleze bila kunificha.

Marahaba, Baba Atu. Ndaga fijo kwa kuandika. Mfikishie Mama Atu salamu kabla hujasoma mbele, maana sehemu kubwa ya jibu hili namwandikia yeye.

Alichosikia ni kweli. Miunganiko ya ubongo wa Atu itapungua, na kuna sehemu ambako kazi hiyo inakaribia kuanza. Lakini hakuna ugonjwa unaoila. Ubongo wenyewe ndio unaoipunguza, na hivyo ndivyo unavyokomaa. Neno "kupotea" ndilo lililomtisha, na simlaumu, kwa sababu masomo mengi ya kliniki hulitaja kisha yanahamia kwenye uji bila kulieleza. Nitalieleza polepole.

Atu alizaliwa akiwa na karibu seli zote za neva atakazokuwa nazo ukubwani. Mtu mzima ana takribani bilioni 86. Hata hivyo ubongo wa mtoto mchanga una uzito wa kama robo tu ya ubongo wa mtu mzima. Kinachoongezeka baadaye kwa sehemu kubwa si idadi ya seli hizo. Ni matawi yake, ni utando wa mafuta unaozungushwa kwenye nyuzi zake ndefu, ni seli za kuzihudumia, na ni miunganiko kati ya seli na seli. Muunganiko mmoja tunauita sinapsi, jina lililoanza kutumiwa na Mwingereza Charles Sherrington mwaka 1897. Kila mwaka wanafunzi wangu hushangaa nikiwaambia kwamba kwenye sinapsi ya kawaida ya ubongo seli mbili haziungani kabisa. Kati yao kuna mwanya wa kama nanomita 20; ukipanga mianya kama hiyo sambamba, zaidi ya elfu moja itaenea kwenye unene wa unywele mmoja wa Atu. Seli moja humwaga kemikali kidogo upande huu, na vipokezi vya seli ya pili huidaka upande wa pili.

Sasa seli hizo zinapataje kukutana? Nikiwa mwanafunzi niliwahi kukaa mchana mzima na slaidi moja chini ya darubini. Ilikuwa imepakwa ile rangi ya zamani ya madini ya fedha, ambayo kwa namna yake huzipata seli chache tu na kuziacha nyingine zote. Zile chache hutokea nyeusi kama mkaa juu ya rangi ya asali, na unaona tawi moja moja mpaka ncha yake. Kwa rangi ya aina hiyo Mhispania Santiago Ramón y Cajal alitazama viinitete vya vifaranga, na mwaka 1890 akaeleza kwamba uzi wa neva unaokua una ncha iliyotanuka, yenye vidole vidogo, inayojipenyeza kutafuta njia. Alikuwa akitazama vitu vilivyokufa, lakini aliona sawasawa. Mwaka 1907 Mmarekani Ross Harrison aliushuhudia uzi kama huo ukikua mbele ya macho yake, kutoka kwenye kipande cha tishu ya kiinitete cha chura. Ncha ile inapapasa kemikali zilizowekwa njiani: hii inasema sogea, ile inasema rudi. Ndivyo uzi kutoka jichoni unavyofika kwenye sehemu ya ubongo inayohusika na kuona, wala hauishii kwenye sehemu ya kusikia.

Ukifika, kuna kushikana. Seli inayofika ina protini zinazotokeza juu ya ngozi yake ziitwazo neureksini, na seli inayopokea ina zake ziitwazo neuroligini, nazo huingiliana kama vifungo na matundu yake. Mwaka 2000 watafiti walichukua seli ya kawaida isiyo ya neva kabisa, wakaipa neuroligini, kisha wakailaza karibu na seli za neva. Nyuzi za neva zilipoigusa zikaanza kuandaa pale pale vifuko vya kumwagia kemikali, kana kwamba zimepata mwenzao. Mguso wa protini moja ulitosha kuanzisha ujenzi wa upande mzima. Na hapo katikati kuna wasaidizi: seli zenye umbo la nyota, astrosaiti, ambazo zamani tulizifundisha kama gundi ya kujaza nafasi tu, hutoa protini zinazochochea sinapsi zizaliwe. Seli za neva zikikuzwa maabara bila astrosaiti hupata sinapsi chache sana.

Naomba Mama Atu asome kwa makini ninachokuja nacho sasa. Mwaka huo huo wa 2000, Matthijs Verhage na wenzake huko Uholanzi walielezea panya waliokosa protini moja tu, ambayo bila hiyo seli ya neva haiwezi kumwaga kemikali yake. Ubongo wa panya hao ulikuwa kimya tangu mwanzo, hakuna seli iliyomwambia mwenzake neno. Watafiti walipoupasua wakakuta umejengeka vizuri: tabaka ziko mahali pake, nyuzi zimefika zilikotakiwa, sinapsi zipo. Lakini baadaye seli zikaanza kufa, sehemu moja baada ya nyingine, na wale panya hawakuishi baada ya kuzaliwa.

Kwa hiyo, Mama Atu, kutengenezwa kwa muunganiko hakungoji matumizi. Ramani ya kurithi na kemikali za njiani zinatosha kuuweka. Kubaki kwake ndiko kunakongoja matumizi. Ukilishika hilo, hofu yako itahamia mahali panapostahili.

Muunganiko mpya bado ni mchanga hata ukishajengwa, na mingi haisemi chochote. Kwenye sinapsi nyingi za mwanzo, upande unaopokea una aina moja tu ya kipokezi, kinachoitwa NMDA, na kipokezi hicho kimezibwa na chembe ya magnesiamu kama chupa iliyotiwa kizibo. Kemikali inamwagwa, inafika, lakini mlango haufunguki. Kizibo kinatoka pale tu seli inayopokea inapokuwa imeshaamshwa na miunganiko mingine kwa wakati huo huo. Kikitoka, kalsiamu inaingia, na kalsiamu hiyo inaagiza vipokezi vya aina ya pili, AMPA, visogezwe na kusimikwa pale. Tangu hapo sinapsi inasikika hata ikiitwa peke yake. Mwaka 1995 vikundi viwili vya watafiti nchini Marekani vilionyesha jambo hili, na miunganiko hiyo ikaitwa sinapsi kimya. Mimi nikimwona mtoto akipiga kijiko sakafuni mara thelathini, bibi yake akilalamika kelele, ndicho ninachokifikiria: sauti, mkono na jicho vinafika pamoja, na vizibo vinatoka.

Halafu yanakuja mashindano. Wewe unaishi Uyole, umezungukwa na mashamba, bila shaka umewahi kupanda mahindi kwa kutia mbegu mbili au tatu kila shimo, kisha baada ya wiki chache ukapita kupunguzia miche. Ndivyo ilivyo kwenye misuli ya mtoto wa panya. Anapozaliwa, kila uzi wa msuli umeshikwa na nyuzi kadhaa za neva. Wiki mbili baadaye umebaki uzi mmoja, na ule uliobaki umetanua eneo lake na kushika kwa nguvu kuliko zote zilivyoshika mwanzoni. Lakini mfano wa shamba unaishia hapo, na nisingependa uubebe mbali. Kwanza, hakuna mkulima anayepita kuchagua. Zinazochagua ni zile nyuzi zenyewe, kwa kadiri zinavyofanya kazi. Pili, mche ukiung'oa umekufa, ila seli ya neva iliyoshindwa haifi. Inarudisha tawi moja na kuendelea kushika kwingine. Mwaka 2012 Jeff Lichtman na mwenzake walifanya jaribio ambalo huwa nalisimulia kila nikipata nafasi. Walitazama panya hai wakati nyuzi mbili zikigombea msuli, wakauondoa kwa leza ule uliokuwa unakaribia kushinda. Ule mwingine, uliokuwa umeshaanza kurudi nyuma, ukageuka, ukakua tena, ukalichukua eneo lote.

Ndani ya ubongo kuna wafagiaji pia, seli za kinga ziitwazo maikroglia. Sinapsi dhaifu hutiwa alama kwa protini zile zile ambazo mwili huzitumia kutia alama bakteria, C1q na C3, na maikroglia huja kuimeza. Mwaka 2012 ilionekana kwa panya wachanga kwamba wafagiaji hao humeza zaidi miunganiko ya jicho ambalo halifanyi kazi sana kuliko ya lile linalofanya kazi. Basi Mama Atu ameuliza nini kinaila, na hilo ndilo jibu lake la moja kwa moja: miunganiko inaliwa na seli za mwili wa Atu mwenyewe, zikifuata alama zilizotokana na matumizi.

Kuhusu umri, tuna hesabu nzuri iliyofanywa na Peter Huttenlocher, Chicago. Alikaa na darubini ya elektroni na vipande vya ubongo vya watu waliofariki katika umri mbalimbali, tangu wachanga hadi wazee, akihesabu sinapsi. Katika sehemu ya kuonea, iliyo nyuma ya kichwa, msongamano ulifika kileleni kwenye miezi minane hivi, umri wa Atu leo, kisha ukashuka hadi kama asilimia 60 ya kilele kufikia miaka 11. Katika sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, kilele kilikuwa kati ya mwaka mmoja na miwili, juu ya kiwango cha mtu mzima kwa karibu nusu, na kushuka kuliendelea hadi miaka 16 hivi. Kazi za karibuni zaidi zimeonyesha kwamba sehemu hiyo ya mbele huendelea kupunguza mpaka mtu anapokaribia miaka 30. Kwa hiyo wanaosema "mlango unafungwa siku ya 1,000" wanakosea. Siku hizo 1,000, tangu mimba kutungwa hadi miaka miwili, ndizo za ujenzi wa kasi kuliko zote, na mimi mwenyewe nazitetea popote ninapofundisha. Ila milango ni mingi na kila mmoja una saa yake.

Mingine hufungwa mapema kweli. Kuna mtoto wa miaka mitano simsahau. Alizaliwa na mtoto wa jicho upande wa kushoto, na mama yake alikuwa ameambiwa kijijini kwamba kile cheupe kitaisha akikua. Akafanyiwa upasuaji, na ulikwenda vizuri. Nilimulika jicho lile mwenyewe baada ya bandeji kutoka, lilikuwa safi kama kioo kilichofutwa. Kisha tukafunika jicho la kulia na kumwambia amfuate mama aliyesimama hatua nne mbele. Alinyoosha mikono yote miwili na kupapasa hewani mpaka akaushika upindo wa kitenge. Jicho lilikuwa linaona, lakini ndani ya ubongo nafasi zake zilikuwa zimeshachukuliwa na jicho la kulia. David Hubel na Torsten Wiesel waligundua jambo hilo hilo kwa paka wadogo waliozibwa jicho moja miaka ya 1960, na kazi yao ikawapa Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Paka mkubwa akizibwa jicho kwa muda huo huo hapati madhara hayo. Ndiyo maana nakuomba, Baba Atu: mtazameni Atu machoni penye mwanga mzuri. Mkiona weupe kwenye mboni, au jicho moja halifuati kitu, nendeni wiki hiyo hiyo, msingoje.

Nije kwenye mahitaji ya ujenzi. Watu wa huku Nyanda za Juu Kusini tuna jambo la kutuuma. Tunalisha nchi mahindi, viazi na maharage, lakini takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano kuwa karibu asilimia 57 Iringa, na kama asilimia 50 Njombe na Rukwa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Tumbo la mtoto linaweza kujaa ugali na viazi huku ubongo wake ukikosa vifaa. Cha kwanza katika vifaa hivyo ni madini joto. Bila hayo tezi ya shingo haitengenezi homoni inayoratibu seli za neva kuhama, kutoa matawi na kuzungushiwa utando wa mafuta. Udongo wa milima yenye mvua nyingi kama yetu huoshwa madini hayo, na wazee wanaikumbuka miaka ambayo rovu shingoni lilikuwa jambo la kawaida huku. Nunueni chumvi iliyoandikwa kuwa na madini joto, ihifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko mbali na moto na mvuke, na itieni chakula kikikaribia kuiva. Ya Atu iwe kidogo mno. Hitaji kubwa la madini haya huanza tumboni, kwa hiyo Mama Atu azingatie hata mimba ijayo.

Cha pili ni madini chuma. Mtoto huzaliwa na akiba ambayo kufikia miezi sita inakuwa imekwisha au inakaribia, na maziwa ya mama hayana ya kutosha kuijaza, ingawa anapaswa kuendelea kunyonya. Mpondeeni maini, dagaa wa Ziwa Nyasa waliosagwa, maharage, mboga za majani, pamoja na papai au maji ya chungwa ili madini yafyonzwe vizuri. Na hapa nitasema kitu ambacho kwa wakulima wa chai wa Rungwe na Mufindi ni kigumu kukisikia: msimpe mtoto chai, hata ile ya rangi nyepesi ya kulainishia mkate. Chai huzuia madini chuma yasiingie mwilini. Tulime, tuuze, ila kikombe cha Atu kisiwe na chai.

Ulanzi, ile pombe ya mianzi, sitauficha pia. Pombe ya aina yoyote anayokunywa mjamzito humfikia mtoto tumboni, na huvuruga vile vipokezi vya NMDA nilivyovieleza wakati seli zinavitegemea ili ziishi. Wanaosema ulanzi ni maji ya mianzi tu wanawaponza kina mama.

Zaidi ya hayo hamhitaji kununua kitu. Kadi za picha, video za watoto kwenye simu, dawa za kuongeza akili zinazotangazwa mtandaoni, acheni. Kinachoondoa kizibo ni jambo linalomjibu mtoto: anatoa sauti, unamjibu, anaangusha kijiko, unamwokotea na kukitaja. Video haimsubiri wala haimjibu.

Na hapo tunamfikia mama mkwe wako. Wenzako kazini wana nia njema lakini wamekosea. Mtoto mchanga huja na uwezo wa kutofautisha sauti za lugha nyingi ambazo wazazi wake hawazijui. Mwaka 1984 Janet Werker na mwenzake, huko Kanada, walionyesha kwamba watoto wa wazungumzaji wa Kiingereza wa miezi sita hadi minane walitofautisha konsonanti za Kihindi ambazo watu wazima wa kwao hawakuzisikia. Walipofika miezi kumi hadi kumi na miwili wengi wao hawakuzitofautisha tena. Ni kupunguza kule kule kwa kufuata matumizi: sikio linaacha sauti zisizotumika nyumbani na kunoa zile zinazotumika.

Sasa sikiliza nyumbani kwako. Kiswahili kina irabu tano. Kinyakyusa kina saba. Ndiyo maana wanaokiandika kwa uangalifu huongeza i na u zenye kistari katikati. Mtu aliyekua na Kiswahili peke yake mara nyingi huzisikia i mbili hizo kama moja, na u mbili kama moja, na akijifunza ukubwani atahangaika nazo. Atu, kwa miezi yake minane, ana bibi anayemtamkia zote saba kutwa nzima, akimwangalia usoni na kungoja ajibu. Wewe na mama yake mnampa Kiswahili kwa namna hiyo hiyo. Huenda akifikisha mwaka na nusu akachanganya maneno ya lugha mbili katika sentensi moja, au akawa na maneno machache ya Kiswahili kuliko mtoto wa jirani. Hesabuni ya lugha zote mbili pamoja kabla ya kuwa na wasiwasi. Kama akifikisha mwaka hageuki akiitwa jina, au hajatamka silabi za kurudiarudia kama "ba-ba" kwa lugha yoyote, mleteni apimwe masikio. Mama mkwe usimzuie. Kama ana nafasi, mwombe amwogeshe Atu yeye jioni, kwa sababu wakati wa kuoga watoto wengi husikiliza vizuri.